Nani Aliua Nyasi za Mzee?

Simu iliingia Jumamosi ya kwanza ya Julai 2023, saa mbili asubuhi, jua la Minnesota likiwa tayari limekaza kama la adhuhuri. "Kijana wangu," sauti ya Mzee ikasema, "njoo unitazamie hapa kwangu, kuna msiba." Nikavaa shati la heshima. Nilipofika nikakuta marehemu ni nyasi.

Mzee ni mtu wa Nakuru. Amekaa vitongoji vya kaskazini-magharibi mwa Minneapolis zaidi ya miaka ishirini, upande ule wenye Wakenya wengi, ambako ukisimama foleni dukani Jumapili mchana unasikia Kiswahili na Kikisii mgongoni mwako. Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ya kwanza nchi hii ilikuwa kwenye uwanja wa gofu, na tangu niiache nimekuwa nikitunza nyasi za majumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia "Marahaba" huku anacheka, maana Wakenya wa bara huiona salamu yetu kama mchezo wa kuigiza. Kisha kicheko kikakatika, akanionyesha uwanja kwa kidevu.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Tuliupima kwa kamba tukapata mita za mraba 420: mbele 140, nyuma 240, na 40 za ule ukanda mwembamba ulio kati ya njia ya miguu na barabara, ambao unatawaliwa na mji lakini anayeukata ni wewe. Mbele palikuwa na mabaka ya duara, mengine upana wa sinia la pilau, mengine yameungana yakawa kama ramani, na ndani yake udongo mtupu uliopasuka. Nyuma nyasi zilikuwepo, ila za rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Ukanda wa barabarani ulikuwa mchanga na magugu. Kijani pekee cha nyumba nzima kilikuwa kando ya njia ya gari: krabgrasi, gugu la msimu mmoja, limetandaza mikono juu ya saruji kwa raha zake.

"Baridi ya hapa imenimaliza," Mzee akasema. Jirani wa kulia alikuwa amemwambia hivyo hivyo.

Na kweli, ukitazama juu juu, mtuhumiwa wa kwanza ni baridi. Msimu ule, 2022 kuingia 2023, uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipima inchi 90.3 za theluji, kama sentimita 229. Tangu watu waanze kupima hapa ni misimu miwili tu iliyowahi kuupita. Lakini nimeshaona nyasi nyingi zikitoka chini ya theluji, na nilijua kwamba theluji nene haiui nyasi kwa ubaridi. Hufanya kazi ya blanketi. Juu ya theluji hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, na chini yake udongo ukabaki karibu na sifuri yenyewe. Kinachotokea chini ya blanketi hilo ndicho cha kuchunguzwa.

Kilichonisaidia kuliko kifaa chochote ni kalenda ya kanisa iliyobandikwa kwenye friji. Mzee ni nesi wa zamu ya usiku, na ana tabia ya kuandika kila jambo kama anajaza faili la mgonjwa. Mama, mkewe, alinitengea chai, nikaketi nikaisoma kalenda ile na ya mwaka uliotangulia, ambayo hawakuwa wameitupa.

29 Oktoba 2022: mbolea, mfuko wote. Kuhusu majani ya ule mti mkubwa wa mbele hapakuwa na neno. Theluji ilikuja kabla hajayazoa. 22 Aprili 2023: reki, siku nzima. 29 Aprili: mbolea pamoja na dawa ya kuzuia magugu. 6 Mei: mbegu kilo 9. 20 Mei: mbegu kilo 5. Halafu 3 Juni palikuwa na neno moja tu, limekandamizwa kwa kalamu hadi karatasi ikatoboka: "Mbona?"

Nianze na mabaka, kwa sababu ndiyo yaliyomtisha Mzee kuliko yote. Theluji ikikaa kwa muda wa miezi miwili au zaidi juu ya ardhi ambayo haikuganda vizuri, kuna ukungu wa kijivu unaoota kwenye majani yaliyolala. Wataalamu huuita Typhula. Hupenda giza, unyevu na nyasi laini, na Mzee aliuandalia karamu bila kujua: mbolea ya mwisho wa Oktoba iliyofanya majani yawe teketeke, nyasi zilizoachwa ndefu, na juu yake zulia la majani ya mti. Theluji ikiyeyuka unaona duara za kijivu zilizogandamana kama nywele za mtu aliyelalia upande mmoja. Wakati huo huo, panya wadogo wa mashambani waitwao voli, wakijua mwewe hawaoni, huchimba vinjia vyao juu ya udongo chini ya theluji, wakitafuna nyasi wanapopita. Aprili uwanja unaonekana kama umechorwa na kichaa.

Ila ukungu huo hula majani. Ni nadra ufike kwenye kile kikonyo kidogo cheupe kilicho pale jani linapokutana na mzizi, ambacho mimi hukiita kitovu kwa kuwa uhai wote wa mche hupitia hapo. Voli nao huacha vitovu vingi vizima. Na nyasi zilizotandazwa kwenye nyumba nyingi za huku, zile za Kentucky, hutambaa kwa mashina ya chini ya udongo. Ukizichambua kwa reki nyepesi ili upepo upite, kisha ukaziacha, hujifunika zenyewe kabla Mei haijaisha. Gharama yake ni subira na aibu ya wiki sita mbele ya majirani.

Chumvi ni jambo lingine. Magari ya kusukuma theluji humwaga chumvi barabarani msimu mzima, na matope yake hurushwa juu ya ule ukanda. Hapo nyasi zilikuwa zimekufa kweli, hadi mzizi.

Kwa hiyo deni la baridi, ukiliandika kwa haki, lilikuwa mita 40 za ukanda na mabaka ambayo yangejiponya. Mengine yote yalifanywa na Mzee mwenyewe, kati ya 22 Aprili na mwisho wa Juni, kwa mapenzi makubwa. Sikumwambia hivyo siku ile. Mtu mzima haambiwi hivyo mbele ya mkewe.

Ninajua alikotoka na wazo lake, kwa sababu hata mimi mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalo. Mtu aliyekulia Nakuru ana saa ndani ya mwili: ardhi ikilowa mwezi wa tatu au wa nne, mkono wenyewe unatafuta jembe. Nyasi za kikuyu unazikata vipande, unavifukia mvua za masika zikianza, na kabla mvua haijakatika watoto wanacheza juu yake. Ukoka wa kwetu Tanga ni vivyo hivyo, hata ukiuchukia utaota. Basi theluji ya Minnesota inapoyeyuka Aprili, ardhi ikawa chepechepe na jua likatoka, mtu anasikia masika. Tena maduka yanamthibitishia: mifuko ya mbolea na mbegu imepangwa hadi mlangoni. Lakini maji yale hayana mvua ya miezi miwili nyuma yake. Nyuma yake kuna Julai.

Nyasi za nchi baridi zina kalenda yao. Mizizi hukua vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18, majani hupendelea joto la juu kidogo, na udongo ukipita hapo mizizi huanza kupungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo mwaka una vipindi viwili vya kukua na katikati yake shimo la joto. Cha kwanza ni kifupi, Mei hadi katikati ya Juni, mchana ukirefuka hadi saa 15 na nusu, na nyasi hukitumia kutoa majani na maua. Cha pili huanza katikati ya Agosti, usiku unapopoa na udongo bado una joto, na hapo ndipo mche hujenga mizizi na kuweka akiba ya kulala nayo. Mbegu iliyopandwa Mei ina wiki sita tu kabla ya jua kali, huku ikigombana na kila gugu linaloamka. Ya mwisho wa Agosti inakutana na udongo wa moto, usiku wa baridi, na magugu yanayokaribia kufa kwa sakitu ya Oktoba. Ningeambiwa nitaje siku ya mwaka mpya wa nyasi za huku, ningesema tarehe 15 Agosti.

Sasa turudi kwenye faili la mgonjwa.

Siku ya reki, 22 Aprili, udongo ulikuwa bado umelowa maji ya theluji. Maji yanakosa njia ya kushuka haraka, na uwanja unakuwa kama maandazi yasiyoiva. Mzee aliingia na buti na reki ya chuma. Kila hatua iliukandamiza udongo, na kila mvuto uling'oa vitovu vilivyo hai pamoja na ukungu. Siku iliyofuata mabaka yalikuwa safi kabisa. Usafi ule ulikuwa kidonda.

Wiki moja baadaye ukaja mfuko wa mbolea yenye dawa ya kuzuia krabgrasi. Hapa ndipo kisa kilipo. Krabgrasi huota kwa mbegu kila mwaka, udongo ukifika kama nyuzi 13, na dawa hizo hutandaza kizuizi kwenye sentimita ya juu ya udongo ambacho hakiruhusu seli za mzizi mchanga kugawanyika. Mbegu inapasuka, inatoa kimzizi, kimzizi kinavimba ncha kama kijiti cha kiberiti, basi. Dawa haijui ipi ni krabgrasi na ipi umeinunua kwa pesa zako. Kwenye mfuko maandishi yapo, nyuma, kwa herufi ndogo: usipande mbegu kwa miezi kadhaa. Mzee alipanda baada ya siku saba. Hazikuota. Akaongeza nyingine baada ya wiki mbili. Kilo 14 kwa jumla. Na krabgrasi lenyewe likapenya kando ya saruji, ambako udongo huwahi kupata joto na ambako mashine ya kusambazia dawa haikufika vizuri.

Nilitaka kuwa na uhakika, maana kumtuhumu mtu na mfuko wake si jambo dogo. Nikachukua makopo mawili, moja nikajaza udongo wa juu wa baka la mbele, jingine udongo wa mfuko wa kupandia maua. Kote nikatia mbegu za nyasi ziitwazo raigrasi, kwa kuwa huota ndani ya siku tano hadi saba, nikayaweka dirishani kwa Mama. Baada ya siku kumi nilimwita Mzee. Kopo la udongo wa dukani lilikuwa na nywele za kijani na mizizi mirefu myeupe. Kopo la udongo wake lilikuwa na vijani vinne vilivyodhoofu, na tulipoving'oa, mizizi ilikuwa vibonge. Mzee akakishika kimoja kwa ncha za vidole, akakisogeza karibu na miwani kama anayesoma kipimajoto. Hakuhitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Ni mfuko, Mzee."

"Mfuko haukutembea wenyewe."

Habari ya nyuma ya nyumba ilikuwa nyepesi zaidi. Mwaka ule ukame uliingia mapema, mwishoni mwa Mei, na Juni karibu haikunyesha. Mzee alikuwa anakata nyasi hadi kimo cha sentimita 4 ili asizikate mara kwa mara, na kila jioni anamwagilia dakika kumi kabla ya kwenda kazini. Nikaweka makopo ya samaki ya tuna chini ya kinyunyizio chake. Dakika kumi: milimita 3. Maji hayo hulowesha vumbi tu, mizizi ikajifunza kukaa juu kama mtoto anayesubiri kulishwa, na majani yakakesha na unyevu. Jani fupi nalo lina jiko dogo, haliwezi kulisha mizizi mirefu. Ongeza ile mbolea ya Aprili iliyolazimisha majani kutoka kwa kasi na kumaliza akiba, utaona kwamba joto lilipofika nyasi zilikuwa zimekwisha kula kila kilichokuwa ghalani.

Nilichimba kwa kisu vipande sita huku na huku, nikapasua vitovu. Vitano vilikuwa vyeupe na vigumu, vina unyevu. Nyuma karibu hapakuwa na mfu: nyasi za Kentucky zikikosa maji hulala, majani yanakauka na kitovu kinangoja. Wengi huku hawalijui hilo, hung'oa uwanja mzima ambao ungeamka kwa mvua mbili.

"Sasa tufanye nini?" Mzee akauliza.

"Tukae, Mzee. Hadi mwisho wa Agosti."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Nimekuita uje uniambie nikae?"

Ndipo ikatoka habari ambayo sikuwa naijua. Mama yake, mwenye umri wa miaka 84, alikuwa anakuja kutoka Nakuru mwishoni mwa Septemba, safari yake ya kwanza ya ndege. Haraka yote ya Aprili ilikuwa kwa ajili yake. Kila Jumapili kwenye simu alikuwa akimweleza nyumba ilivyo, na uwanja, na kiti atakachokalia. Nikamhesabia kwenye ile kalenda: mbegu mwisho wa Agosti, kijani cha kwanza wiki ya pili ya Septemba, na bibi anatua uwanja ukiwa kama ndevu za kijana. Si zulia, lakini kijani. Akakubali, kwa shingo upande.

Julai tulifanya machache. Mashine ikapandishwa hadi sentimita 8, kisu chake kikanolewa, kikawekwa pembeni. Maji ya jioni yakakoma. Badala yake milimita 12 kila baada ya wiki mbili, alfajiri, kiasi cha kuvifanya vitovu visife bila kuviamsha. Nikapeleka sampuli ya udongo maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota kule St. Paul. Fosforasi ilikuwa tele, na hilo lilituamulia aina ya mbolea: Minnesota ilipiga marufuku fosforasi kwenye mbolea za nyasi, eneo la miji pacha, Minneapolis na St. Paul, mwaka 2004 na jimbo zima 2005, isipokuwa kwa uwanja mpya au pale kipimo kinapoonyesha upungufu. Sababu ni maziwa. Mbolea ikisombwa na mvua huingia mfereji wa barabara, mfereji hadi ziwani, na ziwa linageuka supu ya mwani. Ndiyo maana huwa nafagia kila punje iliyoangukia kwenye saruji, hata mwenye nyumba akiniona mshamba.

Katikati ya Agosti nikarudia jaribio la makopo. Safari hii mizizi katika udongo wa Mzee ilinyooka. Miezi mitatu na nusu ilikuwa imetosha.

Jumamosi ya 26 Agosti tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Krabgrasi tuling'oa kwa mikono kabla halijamwaga mbegu. Nikapitisha mashine ya kutoboa udongo mara mbili, wima na mlalo, inatoa vipande kama kidole gumba na kuviacha juu. Mzee alitaka kuvizoa. Nikamwomba aviache, vitayeyuka. Mbegu zilikuwa mchanganyiko: Kentucky, feskyu nyembamba kwa ajili ya kivuli cha mti, na raigrasi kidogo ili Mzee apate cha kutazama mapema. Sehemu za kupanda, mbele pamoja na ukanda, zilikuwa mita 180, kwa gramu 20 kila mita, yaani kilo 3.6. Nilipomtajia hesabu alicheka peke yake akikumbuka zile 14. Mbolea ilikuwa ya naitrojeni asilimia 20, fosforasi sifuri. Kiwango kizuri ni gramu 5 za naitrojeni kwa mita. Tuligawa mara mbili, nusu siku ile, nusu wiki ya tatu ya Septemba. Kwa mita 380 hiyo ni karibu kilo 4.75 kila mara, kwa sababu ukanda wa chumvi sikuupa mbolea.

Halafu likaja joto. Wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, ambayo kwa kawaida ndiyo mlango wa majira ya kupukutika, ilipita nyuzi 35. Miche ya raigrasi ilikuwa na siku mbili nje, feskyu ndiyo kwanza inapasuka, na mbegu iliyopasuka ikikauka mara moja haina maisha ya pili. Mji ulikuwa umepanga zamu za kumwagilia kwa namba za nyumba. Tulikuwa tumeomba ruhusa ya mbegu mpya, ikatoka. Familia ikagawana zamu kama wodini. Mzee akirudi kazini saa moja na nusu asubuhi, bado amevaa sare, anafungua maji. Mama saa sita. Kijana wao wa mwisho saa tisa. Kila mara dakika chache tu, udongo ubaki na unyevu bila kutiririka. Mama alikuwa ameandika ratiba upande wa pili wa ile kalenda, na nilipopita Jumatatu jioni nilikuta kila kisanduku kimewekwa tiki.

Tulipoteza mita kama 15 upande wa magharibi, kando ya njia ya gari, ambako saruji ilizioka mbegu. Kosa langu: pale ningetandaza turubai jepesi la kivuli, nikaona uvivu. Kwingine feskyu ilisimama siku ya kumi, na zile za Kentucky, ambazo hujivuta, zikaonekana wiki ya tatu. Wiki ya mwisho ya Septemba mvua yenyewe ikashuka, na nyuma ya nyumba, ambako hatukupanda chochote, nyasi zilizokuwa zimelala zikaamka ndani ya siku kumi.

Bibi alipofika alivua viatu akatembea juu yake, polepole, kijana amemshika mkono. Aliuliza ng'ombe wako wapi. Alipojibiwa hakuna, akauliza mbuzi. Kisha akauliza nyasi hizi hukatwa zikapelekwa wapi, na Mzee, ambaye amehudumia wagonjwa wa kila aina bila kutetereka, akashindwa kujibu.

Mimi nipo upande wa bibi, nikisema kweli. Nilimshauri Mzee sehemu ya nyuma aichanganye na klova nyeupe, ambayo hujitengenezea naitrojeni, huhitaji maji kidogo na hulisha nyuki. Chuo Kikuu cha Minnesota kimefanya kazi kubwa kwenye viwanja vya namna hiyo, na jimbo lina mpango uitwao Lawns to Legumes unaowasaidia wenye nyumba kupanda vitu kama hivyo. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Kijana wangu," akasema, "hapa kwetu jirani akiwa na maua ya porini watasema ni upendo wa nyuki. Kwangu watasema Mwafrika ameshindwa kutunza nyumba." Sikuwa na la kujibu. Ana majirani wake, mimi nina wangu.

Oktoba tulizisaga tu zile takataka za mti kwa mashine, kupita mara tatu hadi majani yakawa kama ugoro, yakazama kati ya nyasi. Tukashusha kimo kidogo, sentimita 6, kwa mkato wa mwisho. Hakuna mbolea ya Oktoba. Mfuko uliokuwa karakana aliupa jirani wa kulia. Sikuuliza kama alimwelekeza.

Aprili 2024 nilipita bila kuitwa. Hapakuwa na baka hata moja la ukungu, na Mzee alinipa sifa mbele ya wageni. Sifa zile sistahili zote. Msimu ule wa baridi haukuwa baridi: Krismasi ilinyesha mvua, na theluji kubwa zaidi ilisubiri hadi mwisho wa Machi. Typhula hakupata blanketi. Uzuri wa tulichofanya Oktoba utapimwa mwaka ambao theluji itakaa kama ile ya 2023. Kwenye friji kalenda mpya ilikuwa tupu kuanzia Machi hadi Mei, ila Jumamosi moja ya Aprili aliyoandika "reki" kisha akaikata kwa mstari.

Ukanda wa barabarani bado umetushinda. Tuliujaribu na feskyu zinazostahimili chumvi, zikaota vizuri Septemba, na kufikia Mei nusu yake ilikuwa imerudi mchanga. Sasa kila theluji ikishakwisha Mzee huuachia maji mengi kwa saa nzima ili chumvi ishuke chini ya mizizi, kabla hajafanya jambo jingine lolote. Juzi aliniuliza kama mji utakasirika akiweka kokoto.